Bibi anasahau, siti skani iko poa: maswali yenu ya wiki hii

Mbukwenyi! Inboksi imejaa usahaulifu wiki hii, nimechukua manne.

Bibi yangu huku Kongwa ana miaka 76, juzi katia magadi kwenye mlenda mara tatu na kila mara anaapa hajatia. Siti skani imetoka kawaida, sasa ugonjwa uko wapi?

Pole mjukuu. Siti skani ya kawaida inaangalia umbo la ubongo, inakamata uvimbe, kiharusi, au damu iliyovujia kichwani baada ya kuanguka, ila Alzaima, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu polepole, ikiwa changa umbo linaweza kuonekana sawa tu wakati kazi ishaanza kupungua. Hapo ndo picha za mtiririko wa damu zinasaidia. We si unalijua shamba la zabibu, pale mizabibu ilipodhoofika maji yanayonywewa yanapungua, na ubongo hivyohivyo, una kama 2% tu ya uzito wa mwili ila unakula karibu 20% ya oksijeni, kwa hiyo seli zikilegea damu inayofika hapo inashuka. Kwenye Alzaima panafifia hasa juu ya masikio kuelekea nyuma, sehemu ya kuendesha mikono na miguu inabaki inang'aa. Bibi bado anatwanga vizuri tu, ila hakumbuki katia nini.

Wanaipigaje hiyo picha?

Kuna aina inaitwa SPECT, hiyo anachomwa dawa yenye mionzi kidogo, analala kwenye chumba kimetulia, dawa inafuata damu inanasa kwenye ubongo ndani ya dakika chache, halafu kamera inazunguka kichwa. Mionzi yake inapungua nusu kila masaa 6. Kuna nyingine ya MRI, mashine ya kupiga picha kwa sumaku, inatia alama maji ya kwenye damu kwa sumaku, hiyo haina hata sindano. Shida ni wazee wetu kutulia, akigeuka tu kumwita mtu picha imeharibika.

Ikionyesha damu imepungua ndo tayari Alzaima?

Hapana. Kuna magonjwa mengine ya kusahau: ya mishipa ya damu ya ubongo mara nyingi inakuja madoamadoa, na ule unaoitwa wa Lewy unagusa huku kisogoni kwenye kuona. Daktari anaisoma pamoja na historia yenu. Mi ningeanza na presha, sukari, thairoidi (tezi ya shingoni), vitamini B12 na HIV kabla hamjauza mbuzi kwa ajili ya picha.

Stendi wanauza dawa ya kuzibua mishipa ya ubongo, nimnunulie baba?

Usinunue! Za presha alizoandikiwa ndo ameze, na awepo mtu wa kumsimamia, maana ataapa kashameza.