Swali la Msomaji: Kihariri cha Acme Kwenye Skrini Pana

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa mwaka mzima nimeandika programu kwa kutumia Acme, kihariri cha maandishi kinachotegemea sana kipanya, kwenye kompyuta mpakato. Sasa nimepata skrini ya inchi 32, lakini badala ya kupata nafuu, mkono unachoka kwa kuzungusha kipanya, na mara nyingi kishale kinanipotea. Je, nihamie kihariri kinachoendeshwa kwa kibodi?
Msomaji, Arusha

JIBU: Ndugu msomaji, nakusihi usihame kabla hujapanga upya safu zako, yaani zile sehemu za wima zinazobeba madirisha kwenye skrini. Acme, ambayo Rob Pike wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, aliieleza kwa wanataaluma mwaka 1994, haina menyu za kufunguka: amri ni maandishi tu, na neno lolote utakalolibofya kwa kitufe cha kati hutekelezwa hapo hapo lilipo. Kwa hiyo, anzisha faili fupi yenye amri za nje (programu zilizo nje ya Acme) unazozirudia, kama vile ile ya kujaribu programu, na uiweke katika safu ile ile unayofanyia kazi, ili mkono usiwe na safari ya kuzifuata mbali.

Dirisha la makosa, linaloonyesha ujumbe wa makosa ya amri zako, hufunguka katika safu ya mwisho kulia. Wengi hufanya kazi safu ya kushoto kabisa, na hapo ndipo uchovu unapoanzia. Fanya kazi katika safu inayopakana na hiyo ya mwisho, na upana wake usizidi sana herufi 80. Ukibofya kwa kitufe cha kulia jina la faili lenye nambari ya mstari, Acme hufungua mahali penye kosa na kukisogeza kishale chenyewe hadi hapo. Ukitafuta neno kwa kitufe hicho hicho, kishale hulifuata neno linalopatikana, nawe waweza kuendelea kubofya bila kuusogeza mkono.

Kukata na kubandika pia hakuhitaji safari: ukiwa bado umeshikilia kitufe cha kushoto baada ya kuteua maandishi, bonyeza cha kati ukate, au cha kulia ubandike.

Kuhusu kishale kupotea, hilo ni jambo zito, kwa sababu herufi unazochapa huingia katika dirisha lililo chini yake. Kitafute kwanza, ndipo uchape. Ongeza kasi yake katika mipangilio ya kompyuta, na utumie kipanya chenye vitufe vitatu halisi, kwa maana gurudumu gumu likitumiwa kama kitufe cha kati huumiza kidole.