Vidole kufa ganzi ndani ya POP
Dada, umeuliza kama mumeo mwenye POP (plasta ngumu ya kufunga mfupa) asubiri kliniki ya Jumatatu. Hapana, usingoje. Mguu uliofungwa POP juzi, vidole vimekufa ganzi na Panadol haisaidii: mrudishe mumeo hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku. POP haitanuki. Mguu ukiendelea kuvimba ndani, presha inabana mishipa ya damu, na misuli ikikosa damu kwa saa kama 6 inaanza kufa. Nauguza wodi ya mifupa, na wanaochelewa wengi ni wanaume waliokuwa wakisema "niko sawa" ili wasisumbue nyumba.

Kuvimba kidogo siku 2 au 3 za mwanzo ni kawaida, mradi vidole viwe na joto, vicheze, na uvimbe ushuke ukiinua mguu kwenye mito. Bonyeza ukucha wa kidole gumba uwe mweupe, kisha achia: rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Halafu kikunje wewe mwenyewe taratibu. Akiruka kwa maumivu, usijadiliane naye, mpeleke. Ila ukucha ukirudi vizuri usikutulize kama ganzi na maumivu bado yapo, maana rangi huwa inabadilika mwisho kabisa.

Njiani mguu uwe usawa wa moyo, usining'inie wala usiinuliwe juu sana. Msikande, msipake mafuta, na asile chochote kwanza, huenda wakahitaji kumpeleka chumba cha upasuaji. POP waikate wao.