Kwa Wanaoanza Kusoma Michoro Midogo ya Kihindi

Wadogo zangu, nimemaliza kusahihisha maelezo ya picha mliyoyaandika muhula huu, na kwa mara nyingine kila mwanamume mwenye ngozi ya samawati ameitwa Krishna, mungu wa Kihindu. Nawapenda, na ndiyo maana siwezi kulinyamazia jambo hili.

1. Rangi ya ngozi peke yake haitoshi, kwa kuwa mungu Vishnu naye huchorwa wa samawati, na vilevile Rama, ambaye kama Krishna ni Vishnu aliyezaliwa kama mwanadamu. Tazameni kichwani na mikononi. Krishna huvaa nguo ya njano na taji lenye unyoya wa tausi, na mara nyingi ana filimbi. Vishnu ana mikono minne yenye kombe la baharini, kisahani cha vita, rungu na yungiyungi. Mwanamume wa samawati akishika upinde, naye akiandamana na kijana mweupe mwenye upinde pia, hao ni Rama na nduguye Lakshmana, na wakiwa wamevaa majani au magome, fahamuni kwamba wamekwisha kuondoka Ayodhya, mji wao wa kifalme, na wako uhamishoni msituni.

2. Hesabuni matukio kabla ya kuhesabu watu. Hapa ndipo nilipoumia mwenyewe. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii, nilipewa kuandika maelezo ya ukurasa mmoja wa Ramayana ya Mewar, yaani nakala yenye picha ya utenzi wa kisa cha Rama kutoka ufalme wa Mewar huko India, iliyoandaliwa kwa amri ya mtawala wake, Rana Jagat Singh, kati ya 1649 na 1653. Sehemu ya vita ilichorwa na Sahibdin, mchoraji Mwislamu wa Udaipur, mji mkuu wa Mewar, na ukurasa wenyewe unaonyesha Indrajit, mwana wa Ravana, mfalme wa mashetani aliyemteka mke wa Rama, akiwarushia Rama na Lakshmana mishale inayogeuka nyoka na kuwafunga. Nilimwona Indrajit akizungumza na baba yake mwenye vichwa kumi, nikamwona tena vitani, kisha akirejea kwa shangwe, nami nikaandika kwamba Ravana alikuwa na wana watatu katika vita hivyo. Sita, mke huyo wa Rama, ambaye anapitishwa juu ya uwanja katika gari la angani pamoja na mlinzi wake Trijata ili aamini kwamba mumewe amekufa, nilimwita mungu wa kike aliyeshuka kuwaokoa wale ndugu. Maelezo yakachapishwa, yakabandikwa ukutani. Bibi mmoja wa Kihindu aliyekuja na wajukuu zake aliyasoma mara mbili, kisha akaniambia kwa upole kwamba yule ni Sita, na kwamba anaoneshwa mumewe kama maiti. Nilikuwa nimeugeuza msiba kuwa ushindi, tena mbele ya watu waliokisikia kisa hicho tangu utotoni. Wachoraji wa Mewar humrudia mtu yuleyule mara kadhaa katika ukurasa mmoja, na mfuatano wa matukio haulazimiki kwenda kutoka kushoto hadi kulia. Fuateni mavazi na vilemba, na kisa chenyewe kisomeni kwanza.

3. Geuzeni nyuma ya picha, kwa maana mara nyingi beti zinazochorwa zimeandikwa huko.

4. Katika picha za Basohli, ufalme mdogo wa milimani kaskazini mwa India, za mwishoni mwa karne ya 17, zumaridi za mikufu si rangi ya kijani, bali ni vipande vya mabawa ya mbawakawa vilivyogundishwa kwenye karatasi. Hung'aa picha inapoinamishwa, jambo ambalo fotokopi haiwezi kulionyesha. Ombeni kuiona picha halisi, na msiiguse.

5. Msiandike kwamba mchoraji hakujua kuchora umbali. Sahibdin aliupanga ukurasa kwa kufuata kisa.

Anayerudia kazi aanze na Krishna akiuinua mlima Govardhan kwa kidole kidogo, ambako wanakijiji na ng'ombe walijikinga mvua chini yake kwa siku saba. Asiishie mlimani, atafute mawinguni, kwa kuwa mara nyingi mungu Indra, aliyeileta mvua hiyo, yupo huko juu ya tembo wake mweupe, na bila yeye maelezo hayajakamilika.