Mfadhili akiondoka, namba za simu zinabaki na nani?

Mradi wetu ulikwisha mwezi wa Juni. Kufikia Septemba, karibu kila simu niliyopiga niliambiwa mteja hapatikani. Kwa miaka mitatu tulikuwa tumewakutanisha wazimamoto, wauguzi, walimu wa kemia, madereva wa malori ya mafuta na viongozi wa bodaboda kati ya Kisumu na Busia, wafundishane la kufanya lori la petroli likipinduka. Ujuzi ulikuwepo, tena mwingi. Ila orodha ya wenye ujuzi ilikuwa kwenye kompyuta ya ofisi, na ofisi ilipofungwa kompyuta ikaenda nayo.

Iliniuma sana. Januari 31, 2009, kule Sachangwan karibu na Molo, lori lilianguka, watu wakakimbilia kuchota mafuta, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Julai 2021 yakatokea tena Malanga, Siaya, kwenye barabara yetu hii hii.

Kwa hiyo wewe ambaye mradi wako bado una pesa, acha kulipa posho ya vikao leo. Rudisha nauli tu. Wengine wataacha kuja, na ni heri uwajue mapema. Sisi tulipoanza upya tulibaki kumi na mmoja, na hao ndio tulionao hadi sasa. Tunakutana kwa zamu kama chama: mwezi huu kituo cha zimamoto, mwezi ujao zahanati, kisha shule. Mwenyeji ndiye anayefundisha, na chai ni juu yake.

Orodha sasa iko kwenye kaunta buku, na anayeitunza ni muuguzi ambaye mshahara wake haukuwahi kutoka kwa mradi wowote. Hili ndilo ningelifanya kwanza kama ningepewa nafasi ya kurudi nyuma. Na kwa kuwa watumishi wa serikali huhamishwa wakati wowote, kila mtu huja na wa pili wake. Kikundi cha WhatsApp tunacho, lakini kimejaa matanga na michango. Jambo la dharura tunapigiana simu.

Kuna kijana wa bodaboda Maseno ambaye mzimamoto alimfundisha kusoma kibao cha rangi ya chungwa nyuma ya lori akiwa mbali: 33 juu, 1203 chini, hiyo ni petroli. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa mitaroni usiuone, na cheche ya pikipiki moja inatosha kuuwasha. Zima injini, wapeleke watu kwenye mwinuko, upande upepo unakotoka, halafu piga simu na uzitaje namba hizo. Nilipopita hapo wiki jana nilikuta ameziandika kwa rangi kwenye ubao wa kibanda cha steji yao, na chini yake namba ya zimamoto.