Radi ikianza, nani anasimamisha mechi ya shule?

Refa, si kocha wala mwalimu wa michezo. Sheria ya 5 ya soka inampa mamlaka ya kusimamisha, hata kuvunja mchezo. Akisita, mwalimu awatoe watoto wake tu. Matokeo yatajadiliwa baadaye.

Hesabu sekunde kutoka mmweko hadi ngurumo. Zikiwa 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10 hivi: wote watoke. Kurudi ni dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, na ikinguruma tena unaanza upya.

Kosa kubwa hapa Mwanza ni kungoja mvua. Wingu la ziwani linaweza kupiga kabla ya tone la kwanza, halafu watoto wanakimbilia chini ya mwembe au kwenye turubai la wageni, yaani pabaya zaidi. Waingie darasani au kwenye basi, vioo vimefungwa. Darasa lisilo na kinga ya radi si salama kwa asilimia mia, kwa hiyo wakae mbali na kuta na madirisha.

Aliyepigwa habaki na umeme mwilini, mshike bila woga. Hapumui? Mkandamize kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta gari.