Kabla ya Kuisikiliza Hedifoni, Ikunje

Hedifoni yangu ya kwanza ya kukunja ilianza kufa upande wa kushoto. Sauti ilikatika nikigeuza shingo, ikarudi nikibonyeza kwa kidole, na baada ya wiki mbili hivi ikanyamaza moja kwa moja. Nililaumu simu, nikalaumu plagi. Fundi alipoifungua alinionyesha waya mwembamba kama unywele, umekatika pale pale kwenye bawaba, mahali nilipokuwa nikiikunja asubuhi na jioni kwa miezi minane.

Tangu siku hiyo, nikipewa hedifoni ya kukunja siiweki masikioni kwanza. Naikunja, naikunjua, naikunja tena, mara kumi hivi, huku nikichungulia waya unapita wapi. Muuzaji hununa, na anune. Wala usidhani kwamba isiyotumia waya imesalimika: mara nyingi betri inakaa kikombe kimoja cha sikioni na saketi kikombe cha pili, kwa hiyo ndani ya upinde wa kichwani waya upo tu, na kila bawaba ni kona ya kuupinda. Bawaba nzuri inakaza kidogo, na ikifika mwisho inalia "tak" na kutulia. Ukiitikisa hedifoni ikiwa bado mpya na vikombe vikaning'inia kama masikio ya mbuzi, irudishe ilipotoka.

Halafu uliza inakunjwaje, maana kuna kukunja kwa aina mbili. Nyingine vikombe vinaingia ndani ya upinde, kitu kizima kinakuwa kama ngumi kubwa. Nyingine vinageuka na kulala bapa, basi. Upana wa upinde unabaki ule ule. Tofauti hii si ndogo. Sony WH-1000XM4 ya mwaka 2020 inafanya yote mawili, XM5 ya 2022 inalala bapa tu, na XM6 ya 2025 imerudishiwa uwezo wa kuingia ndani. Na pima ikiwa ndani ya kasha lake. Niliwahi kununua moja iliyokunjika vizuri ajabu, kumbe kasha lake ni nene kama kamusi. Nikaanza kuliacha nyumbani, hedifoni ikawa inatupwa begini pamoja na funguo na chaja, mito yake ya masikioni ikachubuka haraka.

Ninayoitumia kila siku sasa ni muundo wa zamani: Koss Porta Pro, iliyotoka mwaka 1984 na bado inatengenezwa kwa sura karibu ile ile. Kila kikombe kina waya wake unaoshuka kuungana na mwenzake kifuani, hakuna kinachopita kwenye upinde. Unaibana, unafunga kwa kindoano kidogo, unaitia mfukoni. Haina dawa ya kelele, kwa sababu sponji zake zinapitisha kila kitu. Barabarani naona hiyo ni faida, nasikia gari likija nyuma yangu. Kwenye chumba kimya ni aibu, jirani anasikia wimbo wako wote. Na vile vibati vya kichwani vinang'oa nywele, hilo nimelizoea bila kulipenda.

Kama unavaa miwani, jaribu ukiwa nayo, na uvae kwa nusu saa nzima kabla hujatoa hukumu. Hedifoni ndogo nyingi zinakalia sikio badala ya kulifunika, na ili zisidondoke lazima zibane. Dakika tano za kwanza hutasikia maumivu yoyote. Baada ya saa moja mikono ya miwani inageuka vijiti vya kukuadhibu. Uliza pia kama mito inatoka na kama ya akiba inapatikana, maana sponji na ngozi bandia vitachakaa kabla ya spika zenyewe.

Kwa safari ndefu, hasa ya ndege, hapo nakubali kubeba kubwa zaidi. Hedifoni zenye teknolojia ya kuzima kelele husikiliza mngurumo wa nje kwa maikrofoni, kisha hutoa mawimbi yaliyo kinyume chake ili viuane. Kazi hiyo inafanyika vizuri kwenye mlio mzito usiobadilika, kama wa injini au feni. Mtoto anayelia viti viwili nyuma yako utaendelea kumsikia, kwa hiyo usinunue kwa ajili yake. Faida kubwa ni kwamba huhitaji kupandisha sauti ili kuushinda mngurumo. Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kiwango salama kwa mtu mzima, na kila unapoongeza sauti juu ya hapo, saa hizo zinapungua kwa kasi.

Ya safari hakikisha ina tundu la waya wa milimita 3.5, au angalau inakuja na waya wake wa kuchomeka, kwa sababu skrini nyingi za ndege bado zinataka plagi. Kisha izime kabisa na ujaribu kusikiliza kwa waya huo. Zipo ambazo betri ikiisha hazitoi hata mlio, waya au bila waya, na jambo hilo utaligundua ukiwa angani.

Kuhusu saa za betri sihangaiki sana. Iwe thelathini au sitini, mimi nachaji Jumapili. Nilichokuja kukithamini ni uwezo wa kuunganishwa na simu na kompyuta kwa wakati mmoja, maana nilichoka kuingia kwenye mipangilio ya Bluetooth kila simu inapoita.

Basi ile ndogo iko mfukoni mwa koti kila siku, waya umezungushwa kwa ulegevu, sio kukazwa. Ile ya kuzima kelele ipo juu ya kabati ndani ya kasha lake, na betri nimeiacha nusu. Nitaishusha nikipata safari.