Mashairi ya zamani, ni ya nani sasa?

Dada yangu wa steshenari ya Moshi, umeuliza kama unaruhusiwa kuchapa kijitabu cha mashairi ya Shaaban Robert uwauzie wanafunzi kwa kuwa "ni ya zamani". Uzamani peke yake hauhesabiki. Kinachohesabiwa ni mwaka aliofariki mtunzi. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ya Tanzania Bara, haki hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Mzee alifariki 1962, kwa hiyo hapa kwetu tungo zake ni mali ya umma tangu 2013, huhitaji kuomba wala kulipa.

Lakini tafadhali, usiweke kitabu cha dukani juu ya mashine ukatoa kopi kurasa zote! Fungua ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu, utakuta alama ya © na mwaka. Dibaji, maelezo ya maneno magumu, michoro, hivyo vina wenyewe na huenda bado wako hai. Piga chapa upya beti tu, na jina lake liandike juu. Ukitaka kuuza Uingereza, huko sheria ni nyingine, uliza kwanza.